Chupa ya Nzi

Mgeni wangu, mzee mmoja kutoka Durban, alinipigia simu jioni kuniambia kwamba kesho maji yakikupwa tutavua kwa nzi. Mimi ni mtoto wa Jambiani, huku Unguja, nimekulia kwenye mishipi na madema, sikutaka kuonekana mshamba mbele ya mteja. Nikamjibu, "Hamna shida, nzi ninao."

Nzi sikuwa nao. Nikashuka dikoni, wanakoshushia samaki, na chupa ya lita moja na nusu, nikatia utumbo wa samaki ndani, nikawatangazia watoto: kila nzi kumi, shilingi mia. Adhana ya magharibi ilinikuta nina nzi wa kutosha kufungulia bucha.

Asubuhi bamvua lilikuwa limekausha nusu ya bahari. Mzee akafungua kiboksi chake. Ndani mna ndoana ndogondogo zilizovishwa manyoya na nyuzi za kumetameta, kila moja na vijicho viwili vya shanga, eti uduvi, eti kaa. "Hawa ndio nzi wangu," akasema. "Na wa kwako?" Nikaisukuma chupa chini kabisa ya kikapu, nikamwambia wangu ni wa akiba.

Tukaingia, maji ya vifundoni. Samaki tuliyemfuata Wazungu humwita bonefish, samaki wa mifupa, na jina hawakukosea: kumla ni kama kuchambua mchele wenye mawe. Ni kioo kitupu, anakupita miguuni hujamwona. Ukibahatika utaona ncha ya mkia ikipunga juu ya maji, mwenyewe kainamisha kichwa anachokora mchangani. Akinasa, ananyoosha mita mia hujashusha pumzi. Mzee kila hatua tatu alinikumbusha kwamba mwaka 1962, huko kwao Zululand, alivuliwa mmoja wa kilo 8.6. Nikamuuliza, tukimpata kama huyo tunamkaanga au tunampaka nazi? Akasema tunampiga picha, kisha tunamwachia. Nikanyamaza. Mteja ni mteja.

Chubwi, uzito wa kuzamishia ndoana, hakuna. Uzito wa mshipi wenyewe ndio unaoibeba ndoana, kwa hiyo unapunga nyuma, mbele, nyuma, mbele, kama mtu anayefukuza nyuki. Mzee alipochoka akanipa fimbo. Mara nikaona mkia! Nikapunga. Upepo wa kusi ukauchukua mshipi, sikuona ulikoangukia, jua limenijaa machoni. Nikavuta. Kitu nacho kikavuta.

"Zululand!" mzee akapiga kelele, simu mkononi, picha juu ya picha. Nikavuta kwa nguvu za ukoo mzima. Kitu kikaja, kikakwama, kikaja tena, kizito, kirefu hakina mwisho.

"Wewe! Nani anang'oa mwani wangu?"

Sauti ile naijua tangu siku ya posa. Kina mama wa huku wanalima mwani tangu mwaka 1989, na sijasikia hata mmoja aliyewahi kuvuliwa shamba. Pegi, vijiti vya kushikia kamba za mwani, zilikuwa zimelala chali, na katikati yake kasimama mama mkwe, kanga kaikaza kifuani, fungu la taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Navua, mama."

"Kwa chambo gani?"

"Nzi."

Akanitazama kama anayepiga hesabu ya mahari upya. Na mimi, ili asinione nimemfanyia mzaha, nikaitoa chupa. Utumbo ule ulikuwa umelala usiku kucha na kushinda juani. Nilipogusa tu kizibo, kikaruka chenyewe. Nzi waliokuwa hai wakatoka wote kwa pamoja, na aliyekuwa karibu ni mama.

Tulifunga taitai mpaka maji yakatufukuza. Mzee alikunja suruali akatusaidia, na kwa mafundo yule bwana ni fundi, maana uvuvi wake nusu ni mafundo. Mama mkwe humwulizia hadi leo. Mimi ananiita Bwana Nzi, na watoto wa dikoni bado wananiletea kila jioni. Siku hizi nzi kumi ni shilingi mia mbili.