Upanga Mpya Hauhitaji Kutu

Sisi tunaonunua nakala za panga za Ulaya ya Zama za Kati na kuzifanyia kazi nyumbani tuna mtindo mmoja unaonikera. Upanga unatoka dukani leo, kesho umeshalazwa kwenye siki, au umepakwa ile asidi ya kuchorea bodi za redio, mpaka chuma kiwe cheusi na kijae vidonda. Ukiuliza kulikoni, unaambiwa: ili uonekane wa kweli.

Wa kweli kwa nani? Weusi ule tumeuzoea kwenye makumbusho. British Museum wana upanga uliotolewa mto Witham, Uingereza, mwaka 1825, baada ya kulala majini mamia ya miaka. Kwenye bapa lake kuna herufi zilizotiwa kwa waya wa dhahabu. Mtu aliyelipia kazi kama hiyo angekubali kutu isogee? Tazama pia Biblia ya picha iliyochorwa Ufaransa katikati ya karne ya 13, ambayo kurasa zake nyingi zimo Morgan Library, New York. Panga zake ni safi, za rangi ya kijivu cheupe, hata pale zinapopasua kofia za chuma. Anayezeesha upanga wake kwa asidi anaiga maiti ya silaha.

Hata hivyo, sisemi uachwe ulivyotoka kiwandani. Gurudumu la kung'arishia huupa mng'ao wa kioo na, baya zaidi, hulegeza mistari: kingo za ule mfereji wa katikati ya bapa zinakuwa kama zimeyeyuka. Dawa yake ni msasa na subira. Zungushia msasa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, tia mafuta kidogo, anza na namba 240 kisha panda hadi 600, ukisugua kwa mwelekeo mmoja tu. Usisugue kwa kidole kitupu, maana kidole hufuata kila bonde na kulichimba zaidi. Ukimaliza, mwanga hauruki tena machoni; unateleza polepole juu ya chuma na kukatika wima pale mfereji unapoanzia. Kama kuna vanishi, itoe kwanza kwa asetoni. Kama bapa limepakwa kromu, liache, vumbi lake ni sumu.

Lakini kazi inayobadilisha upanga hasa ni ya mpini. Viwanda hupenda ngozi nyeusi inayong'aa na waya wa shaba, basi. Vua yote hayo ufike kwenye mti. Mti ukiwa mnene kama mpini wa jembe, upunguze kwa tupa mpaka uwe na umbo la yai, ili mkono ujue makali yako wapi bila macho kutazama. Kisha chukua ngozi nyembamba ya mbuzi, punguza unene wa kingo zake kwa kisu, ilowanishe, paka gundi na uivike, mshono ukae upande mmoja. Kabla haijakauka, izungushie kamba ya kitani kwa nguvu kutoka juu hadi chini, uilaze hivyo usiku kucha. Asubuhi ukiifungua, ngozi imebeba alama za kamba, vituta vidogo vinavyoshika kiganja hata chenye jasho. Hapo paka rangi, kisha nta ya nyuki.

Wapo wanaosema kubadili mpini ni kuharibu historia. Historia ipi? Hao wenyewe wa Zama za Kati walivalisha mabapa ya zamani mipini mipya. Na Oman hadi Zanzibar, baadhi ya zile kitara ndefu zenye mpini usio na kikinga mkono zilikuwa na mabapa yaliyofuliwa Ulaya.

Jambo moja likague kabla hujanunua hata msasa: ulimi wa chuma ulioingia ndani ya mpini. Panga nyingi za bei nafuu za kutundika ukutani zimetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, na ndani ya mpini kuna kijiti chembamba tu chenye nati, kimeunganishwa kwa kuchomelea. Huo uupambe utakavyo, ila usiuzungushe. Pale palipochomelewa pakiachia, bapa zima linaruka, na wewe umebaki umeshika mpini.