Malindi Iongeze Madarasa au Ianzishe Shule Mpya?

Shule za msingi za umma za mjini Malindi, pwani ya Kenya, zimejaa. Hilo halina ubishi. Aliyewahi kupeleka mtoto kuandikishwa Januari analijua. Ubishi uko kwenye dawa. Upande mmoja, ambao ndio wenye sauti kubwa katika mikutano ya wazazi, unataka madarasa yaongezwe kwenye shule zilizopo, na yaongezwe upesi. Upande wa pili unasema watu wameshahama: nyumba mpya zinaota kuelekea Ganda na Kijiwetanga, basi shule nazo ziwafuate huko. Mwamuzi, angalau kwenye karatasi, ni Bodi ya Elimu ya Kaunti, iliyoundwa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Nasema kwenye karatasi kwa sababu bodi hiyo haina fedha za kujenga, haiajiri mwalimu hata mmoja, na haimiliki kiwanja.

Kabla ya kupima hoja za pande hizi mbili, tukumbuke msongamano umetoka wapi. Mara nyingi lawama huangukia elimu ya bure ya 2003, au wageni wanaohamia mjini kutafuta kazi za hoteli. Yote mawili yana mchango wake, lakini kuna sababu ya tatu isiyosemwa sana. Shule nyingi kongwe zilipimiwa uwanja wakati shule ya msingi ilikuwa na madarasa saba. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaongeza la nane. Januari 2023 Gredi ya 7 ya sekondari msingi ikawekwa ndani ya shule za msingi, na kufikia 2025 uwanja uleule ukawa na gredi tisa. Ongeza miaka miwili ya chekechea, ambayo ni kazi ya serikali ya kaunti na mara nyingi hujengwa pembeni ya uwanja huohuo, unapata ngazi kumi na moja. Hata kama Malindi isingepokea mgeni hata mmoja, shule hizi zingebanana.

Na kubanana kwenyewe kuna vipimo. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa 5.85, la wanafunzi 40 wanaokaa wawiliwawili kwenye dawati. Ingiza watoto 90 humo. Kila mmoja anabaki na chini ya nusu mita ya mraba, kabla hujatoa nafasi ya meza ya mwalimu na ubao. Dawati la wawili linakaliwa na wanne, wa pembeni anaandika amegeuka ubavu, daftari liko juu ya paja. Njia ya katikati haipo tena, kwa hiyo mwalimu anasahihisha kazi za safu ya mbele, na walio nyuma anawasikia tu wakipiga kelele. Fanya hivyo mwezi wa Machi, Malindi, saa nane mchana, chini ya mabati.

Sasa hoja ya wanaotaka madarasa zaidi. Si hoja ya kubezwa. Shule iliyopo imeshasajiliwa, ina walimu waliotumwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ina mwalimu mkuu, ina maji na geti. Darasa moja la mawe la CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, linaweza kusimama ndani ya muhula mmoja au miwili. Shule mpya inataka hati ya kiwanja, ukaguzi wa afya, ramani iliyopitishwa, usajili, kisha kungojea walimu, na TSC ina mahitaji ya nchi nzima mezani. Mzazi ambaye mwanawe yuko Gredi ya 4 leo hawezi kungoja yote hayo yatimie. Ukimwambia asubiri mpango wa miaka mitano, unamwambia mwanawe amalize akiwa amekaa sakafuni.

Ila darasa jipya halileti mwalimu wa kuliingia. Halileti choo pia. Linakula uwanja wa kuchezea, na uwanja ukishaliwa haurudi. Kuna shule ambazo paredi ya asubuhi sasa inafanyika kwenye kijia kati ya majengo mawili. Kibaya zaidi, darasa jipya linaita watoto wapya. Serikali huigawia shule ya msingi shilingi 1,420 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, kwa hiyo watoto 100 zaidi ni shilingi 142,000 zaidi kwenye hesabu, hata kama zinachelewa kufika. Mwalimu mkuu ana sababu gani ya kusema tumejaa? Bodi ya usimamizi ya shule ina sababu gani? Shule kubwa ina heshima, na heshima ya shule huambatana na ya wanaoisimamia. Mwanasiasa naye hupenda darasa kwa sababu lina ukuta wa kuandikwa jina la mradi. (Sijaona bado choo kilichozinduliwa kwa ngoma na msafara wa magari.) Zaidi ya hayo, mfuko wenyewe wa CDF si wa kuegemewa kwa macho yaliyofumbwa: Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yake, ya NG-CDF, inakiuka Katiba.

Wanaotaka shule mpya nao wana sheria upande wao. Sheria ya 2013 inataka shule za msingi ziwe katika umbali unaofikika. Mtoto wa Gredi ya 1 anayevuka barabara kuu ya Mombasa kila asubuhi, au anayepakiwa na wenzake watatu kwenye bodaboda moja, umbali wake haufikiki kwa maana yoyote ya haki. Shule mpya huko nje ingepunguza mzigo wa mjini bila mtu kufukuzwa.

Tatizo lao ni ardhi, na tatizo hilo ni la zamani. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani wajitokeze wasajiliwe, na ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wengi, Wamijikenda hasa, wakabaki bila hati. Matokeo yake tunaishi nayo: mashamba makubwa yenye wenyewe wasioishi hapa, na juu yake maelfu ya maskwota. Mtaa unaweza kuwa na misikiti, makanisa, maduka ya M-Pesa na watoto wa kujaza shule mbili, lakini usiwe na kipande kimoja cha ardhi ya umma. Jirani akijitolea kutoa ekari mbili, huenda hata yeye hana karatasi. Wanaoshikilia shule mpya wakiulizwa mijengo itasimama wapi, mara nyingi hujibu kwamba hilo ni jukumu la serikali. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu hawasemi ni serikali ipi.

Hapo ndipo ninapoona shina la jambo. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Mipango ya miji na chekechea ni za kaunti. Anayeidhinisha mitaa mipya si yule atakayeulizwa watoto wa mitaa hiyo watasoma wapi. Kaunti inapitisha ugawaji wa shamba kuwa viwanja mia, na hakuna anayepoteza usingizi kwa hesabu ya madawati. Miaka mitano baadaye wizara inagundua kuna watoto, na ardhi imekwisha.

Kuna mapendekezo mawili ya kati ambayo husikika pia. La kwanza ni kuweka mipaka, kila mtaa na shule yake. Kwenye ramani linapendeza. Lakini wazazi hukimbilia shule yenye jina kwa sababu ile ya karibu haina walimu wa kutosha. Ukichora mpaka kabla ya kusawazisha walimu, umemfungia mtoto wa maskini katika shule dhaifu, maana mwenye uwezo atahamia akademi au ataazima anwani ya shangazi. La pili ni zamu mbili, wengine asubuhi, wengine alasiri. Pengine ugenini linafaa. Hapa, alasiri watoto wengi wa Kiislamu wako chuoni wakisoma Kurani, na hakuna mzazi wa mtaa wa Shella atakayekubali mwanawe achaguliwe kimoja. Anayeleta pendekezo hilo aanze kwa kuzungumza na walimu wa madrasa, si na wizara.

Msimamo wangu uko upande wa shule mpya, kwa sharti ambalo huenda likawaudhi wote. Kwa miaka miwili mitatu ijayo mji hauna budi kujenga ndani ya viwanja vilivyopo, na ujenge kwenda juu, ghorofa moja, japo ni ghali kuliko darasa la chini. Kibali cha darasa lolote jipya kiambatane na vyoo na barua ya TSC kuhusu mwalimu. Visipokuwapo, darasa lisubiri. Wakati huohuo bodi iache kujadili majengo ya pembezoni na ijadili ardhi tu. Mwakilishi wa serikali ya kaunti ni mjumbe wa bodi hiyo. Kazi yake ya kwanza iwe kuhakikisha kwamba kila ombi la kugawa shamba kubwa, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, linapita mezani kwa bodi ya elimu kabla ya kupigwa muhuri, na kwamba kiwanja cha shule kinatengwa na hati yake inaandikwa kwa jina la umma siku ileile.

Wenye mashamba watapinga, na hawatakuwa wanasema uongo watakapodai kwamba hasara itamwangukia mnunuzi. Bei ya kiwanja cha hamsini kwa mia itapanda. Naona afadhali mzazi alipe nyongeza hiyo mara moja kuliko kulipa bodaboda kila siku kwa miaka tisa.