Dawa ya Kideri Haibakishwi

"Mulamwa, ile dawa ya kuku ulibakisha?"

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hata chai sijaonja. Mke wa ndugu yangu kasimama mlangoni na tetea mkononi, shingo imepinda, mharo wa kijani umegandia mkiani. Ni kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, na kwake alikuwa ameshazika tisa.

Ni mulamwa, yaani shemeji, huyu huyu aliyeniambia mwezi wa nne kwamba mchango wa chanjo, shilingi ishirini, ni mwingi, na kwamba kuku wake "wamezoea". Nilinyamaza, maana shemeji hajibiwi vile mtu angependa. Acha nijibu hapa.

Dawa yenyewe ni chanjo, na haibakishwi. Kichupa kina dozi mia moja, na hapa Khwisero nani ana kuku mia? Mimi nina kumi na wanane. Ukishaichanganya, chanjo ina saa chache tu. Zikipita, unawadondoshea kuku maji machoni. Ndiyo maana tunachanga. Nyumba saba au nane, asubuhi moja, kuku wakiwa bado ndani, tone moja jichoni, kisha baada ya miezi mitatu tunarudia. Nyumba moja ikikataa, hasara haibaki kwake. Vifaranga wangu walioanguliwa baada ya mwezi wa nne hawajapata tone lolote, na kutwa nzima wanachakura kwenye boma lake. Nani atawaonyesha mpaka?

Na ikishaingia, ndiyo mbio za sokoni. Kuku wa kwanza akilala, wenzake wanatiwa kikapuni wauzwe kabla hawajaanza kusinzia. Mnunuzi anampelekea mama mkwe. Wiki mbili baadaye kijiji cha mama mkwe ni manyoya matupu, na sisi tunasema ugonjwa umeletwa na upepo wa kiangazi. Upepo gani? Ugonjwa ulipanda bodaboda.

Tafadhali msiniletee alovera na pilipili. Kideri ni virusi, hakina tiba. Pilipili inamfanya kuku afe akiwa na kiu.

Sawa, nakiri: duka moja liliwahi kuniuzia chupa ya chanjo ikiwa na uvuguvugu badala ya baridi, stima imepotea tangu usiku, mwenye duka akaapa haina shida. Ilikuwa nayo. Siku hizi naenda na barafu kwenye themosi, na watu wanacheka.

Serikali nayo, ilipoanza Januari 2025 kampeni ya kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, kijiji kizima kiligeuka maprofesa: eti ni sindano ya kuwazuia ng'ombe wasijambe! Kuku hata hawakuwemo. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe uliofyeka mifugo ya babu zetu, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, kwa chanjo aliyoitengeneza mwanasayansi Walter Plowright papa hapa Kenya, kule Muguga. Hakuna aliyewauliza ng'ombe kama wamezoea.

Kinachoniuma ni kwamba wale tisa walikuwa karo ya muhula wa tatu. Na Desemba wageni wakija, atawawekea nini mezani, sukuma? Mzee aliyezoea kukabidhiwa imondo, yaani firigisi, umpe sukuma?

Tunachanja tena Jumamosi ya wiki ijayo, kwangu, saa kumi na mbili kamili. Kuku wagonjwa msije nao, hawachanjwi. Na nikishachanganya chupa, sisubiri mtu, hata awe mulamwa.