Usiku wa Ijumaa ni Usiku Gani?

Rafiki yangu aliniazima riwaya moja ya kusisimua, kazi ya mmoja wa waandishi wa ng'ambo wanaovipenda visiwa vyetu kuliko wanavyovijua. Nikaenda nayo pwani, nikaketi ukutani karibu na gati la Lamu na kuanza kuisoma. Mambo yalikwenda vizuri kwa kurasa thelathini hivi, mpaka jahazi la Maskati likaingia bandarini katikati ya mwezi wa Julai, limesheheni tende, na usiku ule ule tajiri mmoja akachomwa jambia. Nilicheka peke yangu, hata mzee aliyekuwa akishona tanga pembeni yangu akainua macho. Nikamsomea kile kipande. Hakujali maiti wala jambia. Aliuliza jambo moja tu.

"Lilikuja na upepo gani, mwanangu?"

Majahazi ya Arabuni na ya Ghuba yalikuja kwetu na kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na yakarudi kwao na kusi. Julai kusi huwa imepamba moto na bahari imechafuka. Nahodha mwenye akili zake huwa ameshafika kwao, au amekiweka chombo akingoja upepo ulegee kuelekea mwisho wa Agosti. Kwa hiyo nahodha anayedai kuwa ameingia Lamu mwezi huo moja kwa moja kutoka Maskati ni mwongo kabla hajaulizwa swali la pili. Ama chombo chake kilijificha katika mojawapo ya hori za Manda au Pate tangu kaskazi ilipokwisha, ama hakikutoka Maskati kabisa, na zile tende zimepakiwa juu ili kufunika kitu kingine. Mwandishi yule alikuwa ameshika mkononi ushahidi bora kuliko wote kitabuni mwake, akautupa kwa kutojua kwamba ni ushahidi.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na riwaya nyingi za kihistoria za uhalifu, biashara na njama zinazowekwa katika pwani hii, ziwe za wageni au zetu wenyewe. Zinaazima mandhari tu: milango ya nakshi, buibui, harufu ya karafuu (ambayo, kwa taarifa ya wahusika, ni ya Unguja na Pemba zaidi kuliko ya Lamu), kisha zinaleta fumbo ambalo lingeweza kuwekwa popote duniani. Mimi nadhani fumbo lenyewe lichimbwe hapa hapa, katika upepo, daftari la hesabu, kalenda na ramani ya nyumba, hivi kwamba msomaji asiyeijua pwani ajifunze kitu ili aweze kumkamata muuaji, na msomaji aliyezaliwa hapa apate raha ya kumkamata mapema.

Chukua mfano wa hesabu ya siku. Kwa wazee wetu siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, ambao Mzungu angeuita usiku wa Alhamisi. Magazeti ya leo huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa" kwa sababu ya utata huo huo. Sasa weka afisa wa Kiingereza katika Lamu ya mwaka 1891, mgeni, mwenye mkalimani aliyejifunzia kazi mjini kwingine na anayeona aibu kuuliza. Shahidi anasema, kwa ukweli kamili, kwamba alimwona marehemu akiwa hai usiku wa Ijumaa, saa tatu. Afisa anaandika Ijumaa, na tumuombee Mungu aikumbuke pia saa yetu, kwa maana asipoikumbuka ataandika saa tisa ya alasiri au ya usiku wa manane. Mshukiwa, ambaye Ijumaa hiyo baada ya magharibi alikuwa barazani mbele ya watu ishirini, anaachiwa huru kwa ushahidi ambao kwa Kiswahili ungemfunga. Hakuna aliyesema uongo katika kisa hicho. Kosa lote limo kati ya lugha mbili, na sijui fumbo jingine linaloweza kuandikwa kwa Kiswahili kwa ufasaha kama hilo, maana ukilitafsiri unalazimika kulifumbua.

Au chukua fedha. Sarafu iliyotembea sana katika biashara ya pwani karne ya 19 ilikuwa reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa miaka mingi baada ya hapo, na kila moja ikaandikwa 1780. Mpelelezi anayetaka kujua fedha iliyofukiwa chini ya sakafu iliwekwa lini hatapata msaada wowote kwa kuitazama. Itambidi aende kwenye daftari.

Na daftari linatupeleka forodhani, mahali ambapo riwaya hizi zingeanzia kama mimi ndiye ninayepanga. Tangu enzi za Seyyid Said, ushuru wa bandari za Sultani wa Zanzibar haukukusanywa na serikali yenyewe bali ulikodishwa. Tajiri mmoja alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, naye akabaki na haki ya kukusanya ushuru, ambao kwa bidhaa za Wamarekani ulikuwa umewekwa kuwa asilimia 5 tangu mkataba wa mwaka 1833. Kwa muda mrefu wa karne hiyo mkodishwaji alikuwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Banyani wa Kutch huko India, iliyokuwa na mawakala wake bandarini. Nyumba hiyo hiyo ilimkopesha Sultani. Ukilitafakari jambo hilo kwa dakika mbili utaona kwamba mtu aliyekijua kila kipande cha pembe za ndovu, kila gunia la ufuta na kila ngozi iliyopita pwani hii, pamoja na deni la mfalme mwenyewe, hakuwa liwali wala kadhi wala jemadari. Alikuwa karani aliyeketi mkekani na kalamu yake, akiandika hesabu kwa Kigujarati, hati ambayo wengi wa wale waliokuwa wakimwibia na wale waliokuwa wakimchunguza hawakuweza kuisoma.

Njama kubwa kuliko zote zilizowahi kuihusu Lamu nayo ilikuwa njama ya forodha. Mwishoni mwa miaka ya 1880 kampuni mbili zilikuwa zikikigombea kisiwa hiki: Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake ya kifalme mwaka 1888, na Kampuni ya Kijerumani ya Witu. Wajerumani walikuwa wameshatangaza ulinzi wao juu ya Witu mwaka 1885, kupitia ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, waliojipatia ardhi kwa Sultani Ahmed, yule aliyeitwa Simba. Lakini Witu iko bara, na mali yake ilitokea baharini kwa mlango wa Lamu. Mwenye forodha ya Lamu ameishika Witu koo. Kila kampuni ikadai kwamba Sultani wa Zanzibar aliiahidi yeye kukodishwa kisiwa. Novemba 1888 Wajerumani walifungua wakala wa posta mjini mwetu, katika barabara ambayo bado tunaipita kila siku, na hapo hapo mtu wa riwaya anapaswa kujiuliza nani alikuwa akizifungua barua, na kwa nini mji mdogo namna hii uhitaji posta ya dola ya mbali.

Mgogoro huo haukumalizwa kwa mizinga. Ulipelekwa kwa msuluhishi, Baron Lambermont wa Ubelgiji, ambaye Agosti 1889 aliamua kwamba hakuna kampuni iliyothibitisha ahadi inayomfunga Sultani. Sultani yu huru kumkodisha amtakaye. Muda si mrefu akawakodisha Waingereza. Nisomapo habari hizi huwa siachi kushangaa kwamba hatima ya mji wangu ilizungumzwa kwa misingi ya nani alisema nini kwa nani barazani Zanzibar, ni neno gani la Kiarabu lilitafsiriwa vipi, na barua ipi ilitangulia ipi. Ni kesi ya ukarani mtupu. Lakini ndani yake mna watarishi, wakalimani, manahodha waliobeba vifurushi wasivyojua vina nini, na wenye maduka walioamka asubuhi wakingoja kuambiwa ushuru wao sasa watamlipa nani. Msomaji anayetaka damu nayo hataikosa. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 uliifanya Ujerumani iiachie Uingereza Witu na yenyewe ichukue kisiwa cha Heligoland, kilicho mbali huko kaskazini. Septemba ya mwaka huo huo Andreas Küntzel, aliyekuja kutafuta biashara ya mbao, aliuawa Witu pamoja na Wajerumani wenzake kadhaa, na Oktoba wanamaji wa Kiingereza wakiongozwa na Fremantle wakauteketeza mji. Biashara ya mbao ikawa kijinga cha moto, na waliolipa gharama hawakuwahi kuliona daftari.

Niliwahi kuandika sura tano za riwaya ya mwaka ule wa 1889, mpelelezi wake akiwa karani wa forodha, na kuzipeleka kwa mchapishaji mmoja. Mhariri alikuwa mtu wa adabu, akanijibu baada ya miezi saba. Alisema karani wangu ni mtu mzuri lakini hatembei. Akapendekeza niongeze afisa wa jeshi la majini la Kiingereza atakayemsaidia, na sehemu ya kukimbizana. Nilimwandikia kwamba katika vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, punda wawili waliobeba mawe ya matumbawe wakikutana, mmoja hulazimika kurudi nyuma. Sikupata jibu.

Yule afisa wa majini ndiye hasa ninayemkataa, na sababu yangu si uzalendo wa bure. Katika riwaya nyingi za aina hii, mambo ya watumwa huwa ni kazi ya kumtakasa yeye. Anasimama omo, mbele kabisa ya chombo, anaikamata mashua, minyororo inakatwa, sura inafungwa. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitia saini mwaka 1873 mkataba wa kuipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yake. Lakini utumwa wenyewe katika pwani hii ya Kenya uliendelea kutambuliwa kisheria hadi mwaka 1907. Kati ya miaka hiyo miwili mna miaka 34, na sehemu ya mwisho ya miaka hiyo ilipita chini ya bendera ya Uingereza. Mwandishi mwaminifu atauliza mashamba ya bara ya Lamu yalilimwa na nani, nani aliandika majina ya watu katika daftari lile lile la ufuta na ngozi, na jamaa zetu walisimama upande gani wa kurasa hizo. Swali hilo si tamu barazani. Nimeliuliza mara moja, mazungumzo yakahamia bei ya samaki.

Sisemi kwamba tunaanza kutoka sifuri. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi wake, Bwana Msa, kwa wasomaji mwaka 1960, na ninachokipenda kwa Bwana Msa ni kwamba anaketi, anavuta kiko chake, anasikiliza jinsi watu wanavyosema, na hapo anapata anachokitafuta. Baada yake riwaya zetu za upelelezi zilipanda magari na ndege, zikabeba bastola, zikapata wasomaji wengi. Siwalaumu waandishi wake. Ila karani wangu ni mjukuu wa Bwana Msa, ingawa kwa miaka alizaliwa kabla ya babu yake.

Bado ninaiandika riwaya ile. Maiti inakutwa alfajiri katika kichochoro cha Mkomani, chini ya chumba cha wikio, kile kinachojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili ili wanawake wapite kwa jirani pasipo kukanyaga barabara. Marehemu ni mkalimani aliyekuwa amebeba nakala ya barua ya Sultani. Wanaume wote wa nyumba zile mbili wana mashahidi kwamba hawakutoka mlangoni, na nilijivunia sana kuwa muuaji wangu, mwana wa mwenye nyumba, alipita juu, akashukia upande wa pili, akarudi kabla ya adhana.

Wiki iliyopita nilimsomea shangazi yangu sura hiyo. Yeye alilelewa katika nyumba yenye chumba cha namna hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mchele wake.

"Baba, hapo umekosea. Mwanamume hapiti pale hivi hivi. Mlango ule tulikuwa tukiukomea sisi, kwa ndani, upande wa wanawake, na komeo lake lilikuwa zito, likilia nyumba nzima inasikia."

"Basi shangazi, muuaji wangu hawezi kupita?"

"Anaweza," akasema, akapuliza makapi. "Akifunguliwa."

Nimefuta sura tatu. Sasa nawahesabu wanawake wa nyumba ile, wote saba, na hakuna hata mmoja ambaye afisa wala karani wangu alifikiria kumuuliza.