Jesse Orosco, mashoto aliyelipwa kumtoa mtu mmoja

Mnakumbuka robo fainali ya Kombe la Dunia 2014, Uholanzi na Costa Rica? Bila bila mpaka dakika ya 120, matuta yananukia, mara Louis van Gaal anamtoa kipa wake Cillessen anamwingiza Tim Krul. Sisi tulikuwa tumejazana banda umiza Temeke, jasho tupu, na karibu kila mtu akacheka, huyu kocha kachanganyikiwa, kipa unambadilishaje saa hizi? Krul akapangua mbili, Uholanzi wakapita, na jamaa hakucheza tena mashindano yale. Alikuja kwa kazi moja, akaimaliza, akarudi kukaa.

Sasa chukua hiyo ya Krul, mpe mtu umwambie hii ndo ajira yako, utaamka nayo na kulala nayo, leo tena na kesho kutwa tena, kwa misimu 24. Huyo ndo Jesse Orosco, na ndo ninayetaka kumtetea leo japo najua wengi wenu besiboli mnaijua kwenye muvi tu, yule anayemkimbiza mwizi na gongo (gongo la mti jamani, sio lile la chupa).

Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Nimefika Baltimore, Marekani, nikapata kazi ya usiku ghalani, tunafungua maboksi mpaka alfajiri, na mezani kwetu kulikuwa na mzee mmoja shabiki wa kufa mtu wa Orioles, timu ya besiboli ya mji huu, redio yake ndogo haizimwi. Siku ya kwanza akaniangalia ninavyoshika kisu cha kukatia boksi akasema, kijana wewe mashoto, ungezaliwa huku ungekuwa Orosco. Nikajua ananitukana. Maana mimi kwa mkono huu nimekula vibao tangu mdogo, bibi akiniona nanyoosha wa kushoto kwenye sinia ananipiga kofi la mgongo wa mkono kabla sijagusa ugali, na mwalimu wangu wa darasa la kwanza alikuwa na rula maalum kwa ajili ya vidole vyangu. Leo hii kuandika naandika kwa kulia, mwandiko kama wa kuku, kila kitu kingine kushoto. Sasa mtu ananiambia kuna nchi mkono huu unalipwa mamilioni ya dola, lazima nifatilie.

Iko hivi. Mrushaji anasimama kwenye kilima, mpigaji yuko mita 18 na kitu mbele yake. Mpigaji wa kushoto akirushiwa na mtu wa kulia anauona mpira vizuri tangu unatoka mkononi. Ila akirushiwa na mashoto mwenzake, mpira unatoka kama vile unatokea nyuma ya bega lake, halafu ule wa kukata kona unaanza kama unamjia mwilini afu unamkimbia, anabaki anachapa hewa. Na kingine, warushaji wengi ni wa kulia, kwa hiyo mpigaji wa kushoto toka utotoni kazoea hao, mashoto anakutana naye kwa nadra. Makocha wakaligundua hilo zamani sana. Ndo maana kila timu inaficha mashoto wake wa akiba kule pembeni wanakopashia misuli, wenyewe wanapaita zizi, na ikifika hatari, vituo vimejaa wapinzani wanaosubiri kukimbia wamalize mzunguko wapate pointi, na anayekuja kupiga ni mashoto hatari, kocha anatoka taratiiibu mpaka kilimani, anamnyang'anya mpira aliyepo, anaita yule wa zizini. Ukishatolewa hurudi, kama ilivyo kwenye soka.

Orosco alizaliwa California 1957. Timu ya kwanza kumchukua ni Minnesota Twins mwaka 1978, lakini kabla hajawachezea hata mechi moja ya ligi kuu wakampeleka New York Mets katika dili la kumpata Jerry Koosman. Sasa hapa pananifurahisha sana. Koosman naye mashoto, na ndiye aliyekuwa kilimani Mets walipochukua ubingwa wa 1969. Mets mpaka leo wana ubingwa mara mbili tu, huo wa 1969 na wa 1986, na wa 1986 aliyerusha mpira wa mwisho ni Orosco. Yaani mashoto mmoja kafunga ubingwa wa kwanza, akabadilishwa na mashoto aliyekuja kufunga wa pili. Ungeniletea hiyo kama hadithi ningekwambia umezidisha chumvi.

Msiwasikilize wanaosema alikuwa fundi wa dakika mbili tu. Mwaka 1983 alirusha raundi 110 akitokea akiba (raundi ni kila timu ipige zamu yake mpaka watu wake watatu watolewe, mechi ya kawaida ina tisa), wastani wa kuruhusu pointi 1.47 kwa kila raundi tisa, hizo ni namba za kutisha, akawa wa tatu kwenye kura za mrushaji bora wa ligi yake. Na 1986 ndo usiseme. Kuna mechi ya Julai mwaka ule dhidi ya Cincinnati Reds, zikapigwa ngumi uwanjani, watu wakatolewa, kocha Davey Johnson akaishiwa wachezaji. Kilichofuata ni kama kitu cha mchangani kabisa: akamchukua Orosco na mrushaji mwenzake wa kulia Roger McDowell, akawa anawabadilisha, akija mpigaji wa kushoto Orosco anapanda kilimani McDowell anaenda kusimama nyuma kudaka mipira, akija wa kulia wanageuzana. Hakuna aliyetoka uwanjani kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa. Raundi 14, Mets wakashinda. Ukitaka kujua mkono wa kushoto una thamani gani angalia tu usumbufu ambao kocha yuko tayari kuupata ili autumie.

Kwenye nusu fainali dhidi ya Houston Astros Mets walishinda mechi nne, tatu kati ya hizo ushindi uliandikwa kwa jina la Orosco, mtu wa akiba! Ile ya mwisho ilienda raundi 16, aliingia akaruhusu pointi ya kusawazisha, hakutolewa, akaendelea, timu ikampa pointi tatu za kuongoza, akaruhusu mbili tena, watu wa Houston wawili wakiwa njiani, na bado akammaliza mpigaji wa mwisho Kevin Bass. Yule mzee wa ghalani anasema alikuwa anaangalia amesimama na hata timu yake haikuwepo.

Afu fainali, mechi ya saba dhidi ya Boston Red Sox, Oktoba 27. Mets wanaongoza 6-5 tu, mtu wa Boston yuko kituo cha pili, hakuna aliyetolewa. Anaingia Orosco, anatoa watatu mfululizo. Zamu ya Mets kupiga ikafika kwake, na warushaji kwa kawaida hawajui kupiga, kila mtu akajua atagusa mpira kidogo tu kusogeza wenzake, wapinzani wakasogea mbele, jamaa akajifanya anagusa afu akavuta gongo akaupiga katikati, pointi ya nane (ya saba walishaipata). Raundi ya mwisho akatoa watatu tena, wa mwisho Marty Barrett alichapa hewa, na Orosco akarusha glavu juu akapiga magoti. Ile picha mtaiona kila sehemu wanapozungumzia Mets, na watu wanatania kwamba glavu ile haijashuka mpaka leo.

Mtu mwingine angeishia hapo akafungua mgahawa. Yeye ndo kwanza alikuwa na miaka 29. Akaenda Dodgers akapata ubingwa mwingine 1988, halafu Cleveland, Milwaukee, Baltimore, St. Louis mechi 6 tu mkono ukiuma, Dodgers tena, San Diego, Yankees, na timu ya mwisho kabisa 2003 akiwa na miaka 46 ikawa Minnesota Twins. Wale wale waliomchukua 1978 wakampeleka kwingine kabla hajavaa jezi yao! Miaka 25 kuzunguka Marekani nzima ndo ufike ulikoanzia.

Na humo katikati ndimo kazi yake ilipopungua ikawa nyembamba kama wembe. Msimu wa 1999 hapa Baltimore alitokea mechi 65 lakini ukijumlisha zote ni raundi 32, piga hesabu, hata kutoa watu wawili kwa mechi hafikishi. Anapasha misuli, anakimbia kilimani, anarusha mipira minne mitano kwa mashoto mmoja, kocha anakuja, lete mpira, kaoge. Mwaka huo huo Agosti akavunja rekodi ya Dennis Eckersley ya mechi nyingi zaidi kwa mrushaji, 1,071, na alipostaafu alikuwa amefika 1,252. Hakuna mrushaji yeyote katika historia ya ligi kuu aliyepanda kile kilima mara nyingi kama yeye. Wa pili ni Mike Stanton, wa tatu John Franco, na wote mashoto, mnaona wenyewe. Karibu mechi 500 kati ya hizo za Orosco alicheza akiwa ameshatimiza miaka 38, umri ambao huku kwetu kwenye soka ungekuwa unaitwa legendi unacheza bonanza na kitambi.

Sasa hasira yangu iko hapa. Mwaka 2020 ligi ikaleta sheria kwamba mrushaji akiingia lazima akutane na wapigaji wasiopungua watatu au amalize ile nusu ya raundi, labda aumie. Sababu yao, mechi ni ndefu, makocha wanabadilisha sana, watu wanasinzia. Ni kweli mechi zilikuwa ndefu, sisemi uongo. Lakini 2023 hao hao wakaleta saa ya kuhesabu, mrushaji ana sekunde 15 arushe kama hakuna mtu kwenye vituo, na msimu huo huo mechi zikapungua kwa dakika kama 24. Saa ndo iliyofanya kazi! Basi rudisheni ile sheria nyingine mlikoitoa. Mmemnyima ugali mashoto wa miaka 40 mwenye mpira mmoja wa kona kwa kosa ambalo halikuwa lake, kosa lilikuwa ni watu kujikuna kilimani. Ni sawa FIFA waseme kipa akiingia dakika ya 120 lazima awe amecheza nusu saa kwanza, Krul angeonekana wapi?

Na heshima je? Mwaka 2009 jina lake lilifika kwenye kura za ukumbi wa magwiji kule Cooperstown, waandishi zaidi ya 500 wakapiga kura, akapata moja. Moja! Simaanishi alistahili kuingia, nikiwa mkweli miaka yake mikubwa ilikuwa michache na ya katikati ilikuwa ya kawaida. Ila kura moja kwa mtu aliyekwenda kazini mara nyingi kuliko warushaji wote ni kama kumpa mlinzi wa zamu mkono wa kwaheri huku unaangalia simu. 2025 walau walimwingiza Billy Wagner, mashoto wa akiba naye, mara ya kumi na ya mwisho ya kupigiwa kura, na huyo kwa asili ni mtu wa kulia, alivunjika mkono wa kulia mara mbili utotoni huko Virginia vijijini akajifundisha kurusha kwa kushoto. Mimi nilifundishwa kulia kwa rula, yeye kajifundisha kushoto kwa mfupa uliovunjika, sijui nani alipata mwalimu mzuri.

Wagner alikuwa wa kumaliza mechi lakini, mwenye mpira wa kasi ya ajabu, watu wanamwona. Aina ya Orosco wa uzeeni, wa mtu mmoja, hiyo imezikwa.

Haya yote nilimwambia mzee ghalani wiki iliyopita nikidhani ataniunga mkono. Akanikatalia katakata. Akasema wewe umeona vipande vya video, hukukaa pale uwanjani dakika tatu nzima kumsubiri mtu atembee kutoka zizini aje arushe mipira minne aondoke, aje mwingine atembee tena, watoto wamelala, bia imeshapata moto, bora walivyoifuta. Nikamuuliza, sasa mbona siku ya kwanza uliponiona nimeshika kisu kwa kushoto, kati ya mashoto wote wa nchi hii, jina lililokutoka ni lake?

Akaongeza sauti ya redio.