Tarantula Aliyejeruhiwa Aachwe Atulie

Wafugaji wengi wa tarantula, yaani buibui wakubwa wenye manyoya, hupima matunzo mema kwa wingi wa mambo wanayomfanyia mnyama wao, na kipimo hicho ndicho kinachomponza pale anapoumia. Kwa maoni yangu, buibui huyu anahitaji kazi moja ifanywe haraka, yaani kuziba jeraha linalovuja, kisha anahitaji kuachwa peke yake kwa muda mrefu kuliko wengi wetu tunavyoweza kuvumilia.

Haraka hiyo ina sababu. Damu yake, ambayo kitaalamu huitwa hemolimfu, haizunguki yote ndani ya mishipa kama yetu, bali huenea kati ya viungo vya ndani, na msukumo wake ndio unaonyoosha miguu, kwa kuwa maungio yake makuu yana misuli ya kukunja lakini hayana ya kunyoosha. Akivuja sana, hata miguu mizima hujikunja chini ya mwili. Mfugaji asitafute wekundu: damu hiyo ina rangi ya samawati hafifu, na tone lake juu ya udongo hudhaniwa kwa urahisi kuwa ni maji.

Jeraha dogo la mguu hupakwa wanga wa mahindi au mafuta mgando kwa ncha ya kijiti cha pamba, na wanga ukilowana huongezwa mwingine mpaka ubaki mkavu. Ufa wa tumboni ni jambo zito zaidi, maana humo ndimo ulimo moyo, na ngozi ya hapo ni laini. Wapo wanaouziba kwa tone dogo sana la gundi ya supagluu, nami sioni ubaya wowote, mradi gundi isifike kwenye nyufa nne za kupumulia zilizo upande wa chini wa tumbo. Mguu uliovunjika vibaya haustahili machozi, kwani tarantula huweza kuung'oa mwenyewe karibu na kiwiliwili, na mwingine huota anapojivua gamba, ingawa mara ya kwanza huwa mwembamba na mfupi. Dume aliyekwisha kupevuka hana bahati hiyo, kwa kuwa kwa kawaida hajivui tena.

Baada ya hapo, mpe maji katika kisahani kifupi, giza na utulivu. Siafiki desturi ya kumhamishia kwenye kikopo kilichotandikwa karatasi zilizolowa chepechepe, kwa sababu unyevu usio na hewa ya kutosha huleta ukungu, na kule kuhamishwa kwenyewe ni usumbufu. Nyenje hai wa kuliwa naye asiwekwe kizimbani, kwani mdudu huyo anaweza kumtafuna buibui aliyedhoofika. Na ukimkuta amelala chali, usimgeuze! Huenda anajivua gamba, na mkono wako wakati huo unaweza kumpasua.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba majeraha mengi tunayasababisha wenyewe. Tarantula wa ardhini ana tumbo zito na hakuumbwa kuanguka, lakini huwekwa katika vizimba virefu vinavyopendeza macho ya wageni, au hutembezwa mikononi mwa watu waliosimama wima ili wapigwe picha. Buibui mwenyewe hapati faida yoyote kwa kushikwashikwa. Vifuniko vya wavu navyo hunasa kucha zake, akabaki ananing'inia kwa mguu mmoja hadi aanguke.

Kanuni inayotumiwa na wafugaji wazoefu ni kwamba umbali kutoka udongo hadi kifuniko usizidi sana mara moja na nusu ya upana wa buibui aliyetandaza miguu. Kizimba kirefu kikiwa kimekwisha kununuliwa, hakuna haja ya kukitupa: kijazwe udongo ushindiliwe vizuri mpaka kimo hicho kifikiwe, kisahani cha maji kirudishwe juu yake, na wavu wa kifuniko ubadilishwe kwa plastiki ngumu iliyotobolewa matundu madogo.