Flopi za ramani mnazitupa za nini?

Masika yakiisha, stoo za wachora ramani za majengo hapa Arusha hufagiliwa, na maboksi ya flopi, zile diski za zamani za kompyuta, huenda kwa watu wa skrepa. "Si tuna PDF?" Haya. PDF inakuonyesha ngazi. Haikwambii hesabu iliyoipanga. Hesabu imo kwenye faili ya .LSP, maana AutoLISP, lugha ya kuandikia programu, ipo ndani ya AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, tangu 1986, na mchoraji aliyejitungia kijiprogramu chake humo ameacha msimbo chanzo hasa, yaani maagizo yenyewe ya programu.

Wanaoudhi zaidi ni waokoaji wenye pupa. Anachomeka draivu ya USB, anatumbukiza flopi, Windows inauliza iifomati au vipi, anabonyeza ndiyo. Hongera, umeokoa plastiki.

Tazama kwanza. Sogeza kile kibati cha flopi ya inchi 3.5, zungusha diski taratibu. Madoa meupe ni kuvu, unyevu wa stoo huo. Ukiiingiza hivyo, kuvu inakwangua diski, inanata kwenye kichwa cha draivu, na flopi inayofuata inaugua pia. Safisha kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, ikauke kabisa. Kisha zuia kuandikwa: ya inchi 3.5 kitundu kiwe wazi. Ya inchi 5.25 ni kinyume, pengo la pembeni lizibwe. Selotepu ang'avu haifai, draivu nyingi zinapima kwa mwanga na mwanga unapenya.

Usikimbilie kunakili mafaili. Tafuta draivu ya zamani yenyewe, iunganishe na Greaseweazle, kibao kidogo cha kielektroniki cha kusomea flopi, usome mawimbi ya sumaku ya kila njia (track) ya diski kwa mizunguko kadhaa. Sehemu iliyogoma leo utaichambua baadaye bila kuichosha tena diski. Flopi ya inchi 5.25 ya KB 360 inasomeka kwenye draivu ya MB 1.2, ila usiandike humo: kichwa chake ni chembamba, kinaacha mabaki ya maandishi ya zamani pembeni. Piga SHA-256 hapohapo, ile alama ya hesabu inayothibitisha kwamba nakala haijabadilika.

Hifadhi pia kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu), makefile (maelekezo ya kuijenga) na vijitabu. BRL-CAD, programu ya kuchora maumbo aliyoianzisha Mike Muuss mwaka 1979 ilifunguliwa kwa umma 2004, na kumbukumbu zake za mabadiliko zinarudi hadi 1983. Msimbo unasomeka pamoja na historia yake.

Hakimiliki? Sawa, kuutangaza msimbo wa mwenzio bila ruhusa ni kosa. Lakini kuvu haimsubiri wakili.

Na jina andika kwenye lebo kabla ya kuibandika. Kalamu ya wino ikikandamizwa juu ya flopi ya inchi 5.25 inaacha alama kwenye diski yenyewe.